Kifafa: namna ya kumhudumia mgonjwa Kasese na Bwera

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala si laana wala uchawi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi nao, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka endapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hatari kubwa imo katika kazi za kila siku: kupika kwenye mafiga, kuteka maji mtoni Nyamwamba au Lhubiriha, kulima kwenye miteremko ya Rwenzori na kuvua samaki ziwani.

Kifafa hutokana na nini?

Miongoni mwa sababu zake ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa na mayai ya tegu wa nguruwe. Katika wilaya jirani ya Kabarole, tafiti za miaka ya 1990 zilikihusisha kifafa na ugonjwa wa upofu wa mtoni, unaoenezwa na nzi wadogo weusi.

Je, kinaambukiza?

La. Povu, mate na mkojo wa mgonjwa haviambukizi kifafa. Hofu hii ndiyo huwafanya watu wasimame mbali huku mwenzao akiungua motoni.

Mgonjwa anapoanguka

Mwondoe karibu na moto, maji au barabara. Weka kitu laini chini ya kichwa chake na ulegeze nguo zilizombana shingoni. Usimkandamize, wala usimtie kijiko, kidole, maji au dawa kinywani. Mtukutiko ukikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke, ukae naye hadi fahamu zimrejee.

Tazama saa. Mtukutiko ukizidi dakika 5, ukirudi kabla hajazinduka, au ikiwa ni mjamzito au ameumia, mpeleke hospitali upesi: Bwera, Kagando au Kilembe, ipi iliyo karibu.

Kazi ya muuguzi

Hospitalini, muuguzi huhakikisha kwanza kwamba njia ya hewa i wazi, hupima sukari ya damu na malaria, na hutoa dawa ya kukomesha mtukutiko, kama diazepamu, kwa utaratibu uliowekwa. Humwuliza aliyeshuhudia: ulianzaje, ulidumu muda gani, macho na viungo vilikuwaje? Majibu hayo humsaidia tabibu kuutambua ugonjwa.

Dawa zisikatizwe

Fenobabitali, kabamazepini na nyinginezo humezwa kila siku, hata mgonjwa anapojiona mzima. Kuziacha ghafla huweza kuleta mitukutiko mfululizo inayoua. Usingoje kidonge cha mwisho ndipo urudi kituoni. Na anayevuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kongo abebe dawa za kutosha pamoja na kadi yake. Mwanamke anayetazamia kupata mimba amwone tabibu mapema, kwani baadhi ya dawa, hasa valproati, huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nyumbani

Inua jiko, zungushia mafiga ukuta mfupi wa udongo, wala usimwache mgonjwa aoge mtoni peke yake. Mtoto mwenye kifafa aende shuleni, na mwalimu wake aelezwe la kufanya akianguka.