Lady Anne Clifford na Mirathi ya Miaka 38

George Clifford, Earl wa Cumberland, alifariki mwaka 1605 na kuacha mtoto mmoja tu aliye hai: binti yake Anne, mwenye umri wa miaka 15. Kwa wosia wake, mashamba na ngome za ukoo kaskazini mwa Uingereza zilikwenda kwa ndugu yake, Francis. Binti alitengewa paundi 15,000. Zilikuwa fedha nyingi, lakini mama yake Anne, Margaret Russell, hakuridhika. Alifukua hati za kale, akabaini kwamba tangu enzi za Mfalme Edward II mali hiyo ilipaswa kumwendea mzao wa mwenye mali, awe mwanamume au mwanamke. Kesi ikaanza.

Mwaka 1609 Anne aliolewa na Richard Sackville, Earl wa Dorset, mcheza kamari aliyekuwa na njaa ya fedha taslimu. Mume alimtaka mkewe akubali fidia na kuachana na ardhi. Anne alikataa. Mwaka 1616 Dorset alimwondolea binti yao mdogo ili amlainishe, naye Askofu Mkuu wa Canterbury akamsihi akubali. Mwaka uliofuata aliitwa mbele ya Mfalme James I. Hapo pia alikataa kutia saini. Mfalme akaamua bila ridhaa yake: ardhi ibaki kwa Francis na wazao wake wa kiume, Dorset alipwe fidia, na kizazi hicho cha kiume kikikatika, mali imrudie Anne.

Dorset alifariki mwaka 1624. Mwaka 1630 Anne aliolewa tena, na Philip Herbert, Earl wa Pembroke. Francis alifariki mwaka 1641, na mwanawe Henry miaka miwili baadaye bila kuacha mtoto wa kiume. Hivyo Anne alirithi akiwa na miaka 53, ingawa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimzuia kwenda kaskazini hadi 1649.

Alipofika, alizikuta ngome zimebomoka. Alizikarabati Skipton, Appleby, Brougham, Brough na Pendragon, akawa anahamahama kutoka ngome moja hadi nyingine pamoja na msafara wa watumishi. Mjini Appleby alijenga makazi ya wajane maskini. Alishika pia cheo cha urithi cha sherifu wa Westmorland. Hati za kesi na historia ya ukoo alizikusanya katika majuzuu matatu makubwa, na shajara zake zinasomwa na wanahistoria hadi leo.

Alifariki Brougham mwezi Machi 1676, akiwa na miaka 86. Wapo wanaomsifu kuwa aliishinda sheria ya wanaume. Hakuishinda: mali aliipata kwa sababu wanaume wa ukoo walikwisha. Sifa yake halisi ni kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha karatasi ambayo yeye mwenyewe ametia saini kuukana urithi wake.