Dawa Iliyoponya na Dawa Iliyothibitika

Mtu akiugua, akapewa dawa, akapona, sisi sote husema: «Dawa ile imemponya.» Twasema hivyo bila kusita. Je, tuna hakika? Labda angalipona hata bila dawa. Labda ameponywa na maji aliyonyweshwa na uangalizi mwema wa wauguzi. Habari ya Ebola katika nchi yetu ya Kongo yatuonyesha jinsi swali hili dogo lilivyo zito, na jinsi hata watu wenye elimu na moyo mwema huweza kupotea njia wasipoliuliza.

Kwetu ugonjwa huu ulitambulikana mara ya kwanza mwaka 1976, huko Yambuku, kwenye hospitali ya misioni. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Dawa haikuwapo. Mwaka 1995, nchi ilipokuwa ingali ikiitwa Zaïre, ugonjwa ulitokea tena, safari hii katika mji wa Kikwit. Watu 315 waliugua, na karibu wanne katika kila watano walikufa. Masista sita Waitalia waliokuwa wakiuguza wagonjwa walikufa pia.

Mwezi wa Juni mwaka ule, madaktari wa Kikwit walifikiri hivi: aliyepona ana kinga katika damu yake, basi tumpe mgonjwa damu ya aliyepona. Wakawapa wagonjwa 8. Mmoja alikufa, 7 wakapona. Katika mji ule ambamo karibu kila mgonjwa alizikwa, nani asingalishangilia?

Lakini tuitazame hesabu hiyo kwa utulivu. Kwanza, watu 8 ni wachache mno. Pili, wengine kati yao walikuwa wamekwisha kuugua siku nyingi walipopewa damu. Na mgonjwa wa Ebola aliyevuka siku za kwanza bila kufa, mara nyingi yuko tayari katika njia ya kupona. Tatu, mwezi wa Juni ugonjwa ulikuwa unapungua, vifaa vilikuwa vimefika, na wagonjwa waliangaliwa vizuri kuliko wale wa mwanzo. Nne, hapakuwa na kundi jingine la wagonjwa wa namna ileile, walioangaliwa vilevile bila damu, ili kuwalinganisha. Hatuwalaumu madaktari wale: walikuwa wakiokoa watu katikati ya msiba. Lakini tendo la huruma ni jambo moja, na uthibitisho ni jambo jingine.

Miaka ikapita. Mwaka 2014 Ebola iliua maelfu ya watu Guinea, Liberia na Sierra Leone. Wamisionari wawili Wamarekani walioambukizwa Liberia walipewa dawa mpya, jina lake ZMapp, wakapona. Habari ikaenea duniani kote. Lakini waliopewa dawa ile mwaka ule walikuwa wachache tu, na baadhi yao walikufa. Tena mmoja wa wamisionari wale alikuwa amepewa pia damu ya kijana aliyepona. Ni nini basi kilichomponya? Hakuna awezaye kusema. Mwaka 2015, huko Guinea, maji ya damu ya waliopona yalijaribiwa kwa wagonjwa 84, wakalinganishwa na wale waliotibiwa kabla yao mahali palepale. Tofauti ilikuwa ndogo, haikuthibitisha kitu. Tumaini la Kikwit likafifia.

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mtafiti naye ni mwanadamu. Akiipenda dawa yake, atawakumbuka waliopona na kuwasahau waliokufa. Pengine, bila kujua, atampa dawa mgonjwa mwenye nguvu na kumwacha aliye dhaifu. Ndiyo sababu ilitafutwa njia ya kuufunga mkono wake: kura.

Njia hiyo ilifuatwa kwetu mashariki. Mwaka 2018 Ebola iliingia Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwezi wa Novemba majaribio yalianza Beni, kisha yakafika Butembo, Katwa na Mangina. Mmoja wa walioyaongoza ni Profesa Jean-Jacques Muyembe, yeye yule aliyefika Yambuku mwaka 1976. Dawa zilikuwa nne. Kila mgonjwa alipewa moja kwa kura, daktari hakuchagua.

Labda msomaji atauliza: Je, si ukatili kumpigia mgonjwa kura? Hapana. Kila mmoja alipewa dawa na matunzo mema, na hakuna aliyejua ipi ni bora. Ukatili ungalikuwa kujifanya kujua. Tena kanuni ya kusimamisha majaribio iliandikwa tangu mwanzo, na watu wengine waliwekwa kuzitazama hesabu.

Mwezi wa Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa, kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, dawa iliyosifiwa kuliko zote, karibu 50 walikufa. Waliopewa remdesivir, 53. Waliopewa mAb114, 35. Waliopewa REGN-EB3, karibu 34. Kumbe sifa na ukweli havikuwa vimekaa nyumba moja! Toka siku zile wagonjwa walipewa zile mbili zilizoshinda.

Hata hivyo kupata jibu si mwisho wa kazi. Lazima watu waliamini. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu. Wengi wakaona kwamba ugonjwa ni hila ya siasa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mtafiti anayeandika kwa wataalamu wenzake tu, asiongee na mama mwenye mtoto mgonjwa, amefanya nusu ya kazi.

Na anayeongea naye aseme kweli yote. Akisema «tumepata dawa» na kunyamaza, anadanganya, kwa maana hata kwa dawa bora mmoja katika kila watatu alikufa. Aongeze lile lililo la maana kuliko yote: waliopewa dawa hizo mbili virusi vikiwa bado vichache katika damu yao, karibu mmoja tu katika kila kumi alikufa. Basi mgonjwa asifichwe nyumbani; aletwe mapema.

Tusisahau jambo moja. Dawa ya mAb114 ilitengenezwa kutokana na kinga iliyopatikana katika damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Maana yake wazo la madaktari wale lilikuwa na mbegu njema. Lililokosekana ni kulijaribu kwa haki. Toka Kikwit hadi jibu la Beni ni miaka 24.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia sokoni au redioni kwamba dawa fulani inaponya, usibishe na usishangilie kwanza. Uliza: Waliopewa ni wangapi? Walilinganishwa na nani? Nani aliyewachagua? Na waliokufa, je, wamehesabiwa?