Penseli ya Birr

Waandishi wenzangu, ngoja niwape kisa cha mtu aliyekuwa na penseli tu, na ikabidi dunia imwamini.

Mwaka 1773 Mfaransa Charles Messier, mwindaji wa nyota zenye mkia, alikuta doa la ukungu chini ya mkia wa Dubu Mkubwa. Akalipa nambari 51 katika orodha yake ya vitu vya kupuuza, visije vikamzuga tena. Basi, likabaki doa.

Kule Birr, Ireland, bwana mmoja mwenye mashamba, William Parsons, yaani Lord Rosse, aliyeyusha shaba na bati akamimina kioo chenye upana wa mita 1.8 na uzito wa tani 3 hivi. Si mchezo! Darubini yenyewe ilining'inia kati ya kuta mbili za mawe kama mzinga wa vita. Mwaka 1845 akaielekeza kwenye lile doa, na doa likawa na mikono, imejikunja kama gamba la konokono. Kamera za siku zile zisingeweza kunasa kitu hafifu namna ile, kwa hiyo akachora. Juni mchoro ukaonyeshwa kwa wanasayansi Cambridge. Nani angembishia, na darubini kubwa kuliko zote ni yake? Waliotilia shaka walikuwepo. Picha za kamera zikaja kumtetea mwishoni mwa karne.

Mwaka huohuo viazi vikaoza mashambani Ireland. Hapa ndipo mimi hunishika kigugumizi: kioo cha tani 3 juu, na chini yake wakulima waliotegemea viazi tu. Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa ile. Rosse, tumpe haki yake, aliiacha darubini akahangaikia wenye njaa.

Aliondoka duniani mwaka 1867 bila kujua alichora nini. Ni Edwin Hubble, miaka ya 1920, aliyepima umbali wa Andromeda na kuonyesha kwamba madoa ya aina hii ni galaksi kamili. M51 iko mbali kiasi cha miaka ya nuru milioni 25 hadi 30. Mwanga aliouona Rosse ulianza safari kabla binadamu hajakuwepo. Pembeni yake kuna galaksi ndogo inayoivuta, na mkono mmoja wa ile kubwa umenyooka kuielekea. Huo nao Rosse aliuchora.