Kaseti ya mchezo iliyogeuzwa sanduku la diski

Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilitoa mashine ya michezo ya televisheni iitwayo Channel F. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, mtu mweusi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra sana katika viwanda vya elektroniki vya California. Kabla yake, mashine ya nyumbani ilikuwa na michezo yake iliyofungwa humo humo. Ukiichoka, umeichoka na mashine. Channel F ilileta kaseti: unachomoa hii, unachomeka nyingine. Atari ilifuata mwaka 1977, na mwaka 1983 Nintendo ya Japani ikatoa Famicom, ambayo baadaye iliigwa na viwanda vingi vya Asia bila ruhusa. Ni zile za kuigwa zilizofika katika masoko mengi ya Afrika, na kaseti zake za manjano zilizojigamba kuwa na michezo mia kasoro mmoja, wakati michezo kumi hivi ilikuwa inarudiwa kwa majina tofauti.

Aliyewahi kufungua moja ya kaseti hizo anajua mshangao uliomo. Ndani ni karibu tupu. Kuna kibao kidogo, tone jeusi la gundi linalofunika chipu, na mstari wa meno ya shaba yanayogusa mashine. Kaseti za Nintendo zilizouzwa Marekani kuanzia 1985 zilikuwa na meno 72, na maganda yake yalikuwa makubwa kuliko kibao kilichohitaji kukaa humo. Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyowapa mafundi wa nchi nyingi wazo la kuingiza kitu kingine: diski ya kompyuta ndogo, au kigawanyo cha USB chenye midomo minne.

Kazi yenyewe si ngumu kwa fundi wa simu wa soko la Kenya au wa Katuba. Ganda linafunguliwa. Nintendo ilitumia skrubu za kichwa cha ajabu, lakini watu wamezoea kuyeyusha ncha ya kalamu ya plastiki, kuikandamiza juu ya skrubu, na kuiacha ipoe ipate umbo la bisibisi. Kibao cha zamani kinatolewa na kuwekwa pembeni, kisitupwe. Nguzo za plastiki zilizomo ndani zinakatwa kwa kisu, diski inalazwa, na mdomo wa waya unatoboliwa pale yalipokuwa meno. Diski ya inchi 2.5 inaingia vizuri katika ganda la Nintendo. Katika kaseti ndogo ya manjano, afadhali flashi au kigawanyo. Ubaya ni joto. Ganda la plastiki halipumui, kwa hiyo matundu machache ya pembeni yanahitajika. Na kazi ya kuyeyusha plastiki ifanywe nje, si chumbani wanapolala watoto.

Mtu anaweza kuuliza habari hii inaihusu vipi Lubumbashi, mji wenye shida kubwa kuliko za vichezeo. Inauhusu kwa sababu ya vile vinavyowekwa ndani ya ganda.

Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka hadi chini ya tani 50 000 kufikia katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1991, katikati ya anguko hilo, Sony ya Japani ilianza kuuza betri ya kwanza ya lithiamu-ioni inayochajiwa, na ndani yake mlikuwa na kobalti. Dunia ilianza kuhitaji kobalti ya Katanga kwa namna mpya wakati ule ule wafanyakazi wa Katanga walipokuwa wakikaa miezi bila mshahara. Leo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo.

Halafu kuna koltani, ambayo hutoa tantali, chuma cha vile vipande vidogo vinavyotunza umeme juu ya vibao vya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda kutoka chini ya dola 50 kwa ratili hadi zaidi ya 200. Ni mwaka huo huo PlayStation 2 ilipotoka, na baadaye baadhi ya waandishi wakaiita vita ya Kongo vita ya PlayStation. Jina hilo lilivutia, lakini lilipotosha: simu za mkononi na kompyuta zilihitaji tantali kuliko mashine moja ya michezo, na vita ilikuwa imeanza mwaka 1998, kabla ya bei kupanda. Bei iliipa vita fedha. Familia zilizokimbia Masisi baada ya Rubaya kutekwa mwaka 2024 hazihitaji kufundishwa hilo na mtu wa mbali.

Kwa familia kama hizo, na kwa zile zilizotoka Mitwaba, Pweto na Manono miaka ya nyuma, sanduku la diski lina maana nyingine. Diploma ya serikali, karatasi ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa, picha ya mzee aliyezikwa kijijini: vitu hivi vinaungua pamoja na nyumba, na kuvipata tena ofisini ni safari ndefu yenye gharama. Vikipigwa picha na kuwekwa katika diski, vinabebeka. Ganda kuukuu la mchezo lina faida yake hapa, maana halimvutii mwizi kama simu, na mtoto aliyelibeba haulizwi maswali. Ila nakala moja haitoshi. Nyingine ikae kwa ndugu katika mji mwingine, kwani diski hufa bila kuaga.

Mafundi wa Lubumbashi hawakuanza leo kutafuta nafasi katika vitu vilivyokwisha. Mlima mweusi unaoonekana karibu kila pembe ya mji ni takataka ya tanuru lililowashwa mwaka 1911, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mfu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 unachimbwa na kuyeyushwa upya kwa ajili ya kobalti na shaba iliyobaki. Mwezi wa kumi mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines inayoushughulikia, STL, ilisafirisha kwa mara ya kwanza jemaniamu kutoka humo kwenda Ubelgiji, madini yanayotumika katika nyaya za kioo zinazobeba intaneti.