Shure SM58
Maikrofoni ya mwimbaji itengenezwayo na kampuni ya Shure ya Marekani tangu mwaka 1966. Ni ya aina ya sumaku: sauti igongapo utando mwembamba, utando huo huitikisa koili iliyomo ndani ya uga wa sumaku, na mtikiso huo huzaa umeme hafifu upitao katika waya wa pini tatu hadi kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, kwa hiyo haihitaji ule umeme wa volti 48 zitakazo maikrofoni za kondensa.

Husikia zaidi kilicho mbele yake, na kwa nyuma huwa mithili ya kiziwi, ndiyo sababu spika ya mwimbaji huelekezwa mkiani mwake. Kuufumbata wavu kwa kiganja, tabia iliyoenea mno na yenye madhara makubwa, huziba njia za hewa za nyuma, hubatilisha sifa hiyo na kuleta mlio mkali unaokirihi masikio. Kuikurubisha midomoni huzidisha uzito wa sauti, jambo ambalo mwimbaji stadi hulitumia kwa hiari, akaiweka mbali kidogo apaazapo. Kuijaribu kwa kuipiga au kuipuliza ni ada mbaya; kusema nayo kwatosha.

Wavu hufunguliwa kwa kuzungushwa, ukaoshwa pamoja na sifongo yake kwa maji na sabuni laini, ukakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Utando wenyewe usiguswe na maji asilani.