Gambusi

Gambusi (pia gabusi, huko Lamu kibangala) ni ala ya muziki ya nyuzi iliyokuwa ikipigwa katika pwani ya Waswahili, ikiwemo Unguja. Asili yake ni Yemen, na ilienezwa na mabaharia na wahamiaji, hasa Wahadhrami, hadi Komoro, Malaysia na Indonesia. Jina la kabosy ya Madagaska limetokana nayo.

Umbo

Mwili na shingo huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti na kukombwa ndani. Uso huwambwa ngozi ya mbuzi, na kichwa chenye vigingi hupinda nyuma kama mundu. Zamani nyuzi zilikuwa za utumbo. Siku hizi hutumika nailoni ya mshipi wa kuvulia.

Haya ndiyo yanayoitenga na udi, ambao watu wengi huichanganya nao. Udi huundwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa, uso wake ni wa mbao, na sauti yake ni nzito na pana zaidi. Ngozi ya gambusi hulegea penye unyevunyevu, jambo la kawaida Unguja wakati wa masika.

Jina la kinanda

Katika Kiswahili cha zamani ala za namna hii ziliitwa pia kinanda. Mwanafunzi anayekutana na neno hilo katika mashairi ya kale asidhani ni piano. Baadaye jina lilihamia kwenye gramafoni, kisha kwenye ala za umeme.

Kufifia

Kuanzia enzi ya Sultani Barghash (1870–1888) taarabu ya Unguja ilifuata mfano wa Misri, na udi, kanuni na fidla zikashika nafasi ya mbele. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na Siti binti Saad, aliyetokea Fumba na kuishi Ng'ambo, alirekodi sahani Bombay mwaka 1928. Leo katika mitaa ya Ng'ambo kama Michenzani, taarabu ya kisasa hutegemea kinanda cha umeme; kwa hiyo jina lipo, ala haipo.

Chuo cha muziki cha DCMA, Mji Mkongwe, hufundisha udi, kanuni na fidla. Anayetaka kuisikia gambusi ikipigwa bado ataipata Komoro, ambako mafundi huichonga na wanamuziki kama Soubi wa Mwali wameirekodi.