Makuta yalipoingia kwenye kompyuta: waliofichua siri za benki Kongo

Zamani, aliyekula pesa za serikali alificha kitabu cha hesabu, ao alikichoma moto. Benki zilipohamia kwenye kompyuta, kazi hiyo ikawa ngumu. Pesa ikitoka hapa kwenda pale inaacha alama: tarehe, kiasi, jina la anayetuma na la anayepokea. Alama hizo ndizo zilizowapa waandishi wa habari nguvu mpya.

Mwaka wa 2016, Jean-Jacques Lumumba, aliyekuwa mkuu wa idara ya mikopo kwenye BGFIBank mjini Kinshasa, alikimbia nchi akiwa na hati za benki. Gazeti Le Soir la Ubelgiji likazitangaza. Wakati ule benki hiyo iliongozwa na Francis Selemani, ndugu wa kulelewa pamoja na rais Joseph Kabila.

Baadaye, gazeti Mediapart la Ufaransa na shirika PPLAAF, linalotetea watoa siri Afrika, walipata hati zaidi ya milioni 3.5 za benki hiyohiyo. Hakuna mwandishi mmoja anayeweza kusoma zote. Kwa hiyo vyombo vya habari 19 viligawana kazi, zikiwemo RFI na Bloomberg. Tarehe 19 Novemba 2021 wakaanza kutangaza uchunguzi walioupa jina Congo Hold-Up. Kufuatana nao, dola milioni 138 hivi za umma zilipitia benki hiyo kati ya 2013 na 2018 na kufaidisha watu wa karibu wa Kabila. Upande wa Kabila ulikana. Serikali ilitangaza kwamba sheria itafuatilia.

Lakini wanaotoa siri hulipa bei kali. Gradi Koko na Navy Malela walikuwa wakaguzi wa hesabu ndani ya Afriland First Bank mjini Kinshasa. Hati walizotoa zilisaidia ripoti ya Global Witness na PPLAAF ya mwaka wa 2020, kuhusu mfanyabiashara Dan Gertler na vikwazo vya Marekani. Gertler na benki walikanusha. Mwaka huohuo mahakama ya Kinshasa iliwahukumu Koko na Malela kifo, wenyewe wakiwa Ulaya. Habari ya hukumu ilijulikana Februari 2021 tu.

Leo familia nyingi zilizohama makwao hazina benki. Msaada ao pesa ya ndugu inafika kwa simu. Ujumbe mfupi unaoingia baada ya kutumiwa makuta ni alama ileile: tarehe, kiasi, jina. Anayeufuta haraka anafuta ushahidi wake. Anayeuchunga ana kitu cha kuonyesha siku ataambiwa kwamba alikwisha kupokea, naye hakupokea.